Shauri la Kidogokidogo katika Nchi ya Kabisa

Mgeni hahitaji kibao cha mpakani ili ajue kwamba amefika Nchi ya Kabisa. Akiingia duka la kwanza tu atajua. Huko hakuna kinachouzwa nusu. Mkate haukatwi, soda haiuzwi ila kwa kreti, na mtu akiomba robo ya sukari huangaliwa kama aliyeomba robo ya duka. Watu wake, Wakabisa, ni wakarimu, wacheshi, wapenda sherehe. Ila kwao jambo ama hufanywa lote ama haliguswi. Juu ya mlango wa kila shule pameandikwa: "Maji ukiyavulia nguo, yaoge." Methali ya haba na haba ilipigwa marufuku tangu enzi za mababu, na ile ya bandubandu huisha gogo haitamkwi mbele ya watoto.

Huko ndiko alikokwenda Bi Siwatu, mjane wa Pangani, mwenye miaka sitini na ushei, ulimi mwepesi na magoti mazito. Mdogo wake, Hemedi, alikuwa amemfuata mwanamke wa Kikabisa miaka mingi nyuma, akaoa, akalowea. Habari zilikuja kwamba Hemedi ana ugonjwa wa sukari na kwamba mwaka uliopita alinusurika kwenye tundu la sindano. Bi Siwatu akafunga safari. Na kwa kuwa mtu hamwendei ndugu yake mikono mitupu, akabeba zawadi: kilo tano za sukari, biskuti za maziwa, na sharubati chupa mbili. Alilifikiria fungu la mchicha, akaona halina heshima.

Mke wa Hemedi, Tunu, alimpokea mlangoni, akampokea na mzigo, akachungulia ndani.

"Wifi yangu," akasema, "nyumba ya mtu inaungua, nawe umemletea kuni?"

"Kuni ni zako wewe, si zake. Mdogo wangu kaoa ufagio, acha nikunenepeshe."

Walicheka wote wawili mpaka Tunu akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Hemedi hakuwepo. Alikuwa uwanjani akikaza ngozi ya ngoma, maana yeye ndiye Mpiga Ngoma ya Kiapo wa mtaa mzima, na Siku ya Kiapo ilikuwa kesho kutwa.

Tunu alimweleza mgeni wake desturi hiyo huku akichambua mchele. Mara moja kwa mwaka, nchi nzima hukusanyika na kuacha kila kinachodhuru mwili: sukari, soda, chipsi, unga mweupe, mafuta mengi, vyote pamoja, siku moja, kabla jua halijawa kali. Ikifika wiki ya tatu huja Siku ya Msamaha, ambapo serikali huwasamehe wote walioshindwa, na watu hula na kunywa kwa siku tatu kwa kumshukuru Mungu kwamba yamepita. Hapo kale Msamaha ulikuja baada ya mwaka. Wakausogeza ukawa miezi sita, kisha mitatu, mpaka sheria na watu wakakutana.

"Na kuna aliyewahi kufika mwaka?" Bi Siwatu akauliza.

"Yupo. Sanamu yake iko sokoni. Inasemekana alikuwa safarini, hakusikia Msamaha ukitangazwa."

Siku moja kabla ya Kiapo, wakaguzi hupita majumbani. Kinyume na anavyodhani mgeni, hawatafuti vitu vibaya. Huhakikisha kwamba vipo vyote, ili kesho vitupwe vyote. Nyumbani kwa Hemedi alikuja mkaguzi aliyeitwa Faki, mtu mrefu, nadhifu, aliyening'iniza shingoni kijiko cha kuonjea. Alipokea chai kwa adabu, akasifu usafi wa jiko, kisha akafungua debe la unga. Akachota kidogo kwenye kiganja, akaenda nao mlangoni kwenye mwanga.

"Unga huu ni wa nini, mama?"

"Wa ugali."

"Ni sembe?"

"Sembe imo."

"Ni dona?"

"Na dona imo."

Faki akauangalia ule unga kwa huzuni. Haukuwa mweupe, wala haukuwa na rangi ile ya mahindi yaliyosagwa na maganda yake. "Kwa hiyo si sembe wala si dona," akasema. "Sasa huu unga kabila gani?"

Bi Siwatu akacheka akidhani ni mzaha. Faki hakucheka. Alifungua kopo la sukari, akaingiza kijiko chake, akauliza mbona halijashuka sana tangu linunuliwe. Akafungua friji, akaona jagi la maji ya ndimu, na pembeni yake soda moja, imesimama kama yatima.

"Nyingine za kreti zimekwenda wapi?"

"Nagawia majirani," Tunu akasema.

"Mama, ulikuwa unapunguza?"

Tunu akalirudishia kopo la sukari kifuniko chake.

"Kwa namna gani?"

"Kidogokidogo," akasema Tunu.

Lile neno likatua pale jikoni kama tusi. Faki alimtazama Bi Siwatu kana kwamba anamwomba radhi kwa kulisikia, akaweka kikombe chake chini, akasema kwa upole kwamba itabidi suala hili lifike Baraza la Ukamilifu.

Hemedi aliporudi, habari zilikuwa zimemtangulia njiani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya kupigia ngoma, na Bi Siwatu hakumbuki kumwona na uso ule tangu alipokuwa mtoto akinyang'anywa embe.

"Tangu lini?" akamwuliza mkewe.

"Tangu ulipotoka hospitali."

"Mwaka mzima unanichanganyia unga kama kuku?"

"Nilianza na konzi moja ya dona. Nikaona huulizi. Mwezi wa pili nikaongeza."

"Hukuniambia!"

"Nilikuambia, Baba Mwajuma. Nilikuambia tupunguze. Ukasema, subiri Kiapo. Ukaapa. Ukakaa siku kumi na kitu ukinusa chai za watu kama paka. Kisha ukaja Msamaha, ukala kama mtu anayelipiza kisasi. Nilikukuta umeanguka bafuni, mapovu mdomoni. Nilikaa pale hospitali, nikasema mimi ngoma nyingine sisubiri."

"Umenifanya mtoto," Hemedi akasema. Alisema polepole, na hapo ndipo Bi Siwatu alipojua kwamba kilichomuuma si sheria. "Mtu mzima nalishwa nisichokijua, ndani ya nyumba yangu."

Tunu akalifunika debe la unga. Kwa hilo Hemedi alikuwa na haki, na wote watatu walilijua.

Kesho yake Hemedi alipiga ngoma. Bi Siwatu amekwisha kuona maulidi, harusi na kampeni za uchaguzi, lakini hajaona umati uliofurahi kama ule wa watu waliokuwa wakijinyima. Walivaa nyeupe. Walimwaga sukari shimoni kwa magunia, na kilo tano za Pangani zikaenda humo zikiwa bado na kamba yake. Ngoma ikalia, watu wakaitika: "Soda, kabisa! Chipsi, kabisa! Andazi, kabisa!" Wengine walilia. Mwanamume mmoja alilikumbatia andazi lake la mwisho, akaomba apewe dakika.

Kisha wote wakakimbilia gengeni. Waliokuwa hawajawahi kununua hata nyanya chungu walinunua mboga kwa matenga. Mtu mmoja alibeba bitiruti kikapu kizima, na alipoulizwa atazipikaje, alisema atajua mbele ya safari. Wengine walipigania vimbegu vyeusi ambavyo muuzaji mwenyewe hakujua kama huliwa au hupandwa. Bi Siwatu aligundua kwamba wauzaji wa siku ile ndio walewale waliouza soda jana yake, ila wamegeuza aproni zao, na upande wa pili ni wa kijani.

Wiki iliyofuata mji ulianza kunuka. Ilikuwa harufu ya mboga zilizonunuliwa kwa nia njema. Zilioza kwenye friji, kwenye madirisha, kwenye viroba nje ya milango, na Wakabisa waliipita harufu ile bila kuitaja, kama watu wanavyopita deni. Watu wakawa wakali. Mwalimu mmoja alimfukuza darasani mtoto aliyeitwa Asali.

Katika hali hiyo ndipo Baraza lilipokaa.

Mwenyekiti wake alikuwa Bi Asumini, mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyeheshimiwa nchi nzima kwa kuwa ameapa mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Ukumbi ulijaa. Tunu alisimama mbele, Hemedi alikaa kando na ngoma yake ya kazi miguuni, na Bi Siwatu akapewa kiti cha wageni.

Faki alisimama kushtaki, na hakuwa na chuki hata chembe.

"Mheshimiwa, mama huyu si mtu mbaya. Lakini tufikirie. Mtu akipunguza kijiko leo, na kijiko mwezi ujao, ikifika Siku ya Kiapo ataapa nini? Asiyeapa atavunja nini? Asiyevunja atasamehewa nini? Tutabaki na nchi isiyo na sikukuu, watu wanakula tu, siku zinakwenda."

Watu wakanong'ona. Hoja ilikuwa nzito.

"Mama Tunu," akasema Bi Asumini, "uliacha kipi kabisa?"

"Sikuacha kitu kabisa, mheshimiwa."

"Hata kimoja?"

"Soda nilipunguza. Chai nilitoa kijiko, baadaye nikatoa kingine. Mafuta nikaanza kupima kwa kifuniko badala ya kumimina. Sokoni nikawa natangulia gengeni kabla ya dukani, maana nikianza dukani kikapu hujaa, mboga zinakosa nafasi." Alifikiri. "Samaki wa kukaanga nilijaribu kumchemsha, akashindikana. Nikarudi kukaanga."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe andazi sijaliacha," Tunu akakiri. "Nalikata nusu."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Nusu!" na mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Bi Siwatu alimwona wifi yake akipepesa macho, akijua amejiharibia. Hakuwa msemaji. Alipoulizwa kama ana hakika njia yake itamponya mume wake, alisema hana hakika, na alipoulizwa itakwisha lini, alisema hajui, pengine haitakwisha. Kila jibu lake lilikuwa la kweli na kila moja lilizidi kumzamisha.

Bi Asumini akahema. "Sheria yetu inasema: badiliko lisilouma si badiliko. Kabla hatujaamua, tumsikie aliyebadilishwa. Hemedi, simama. Wewe ni mtu wa Kiapo. Mkeo alipokuwa akiyafanya haya, uliona tofauti?"

Hemedi akasimama. Siku zile zote alikuwa hajasema na mkewe ila "nipe" na "chukua". Bi Siwatu, aliyemlea akiwa mchanga, alijua kinachopita kichwani mwake. Akisema aliona, atabaki na heshima yake ya mtu asiyedanganyika ulimi, na kosa la mkewe litakuwa limethibitika. Na adhabu ilijulikana: mwenye kosa la udogoudogo husimamishwa sokoni mwaka mzima na kikapu kitupu, achekwe.

Hemedi alimtazama Tunu. Tunu hakumtazama.

"Ugali sikuona tofauti," akasema.

Minong'ono.

"Hata siku moja?" Bi Asumini akauliza.

"Kuna siku niliusifu." Alijifuta jasho. "Chai niliona imepungua kitu, nikadhani wameanza kuchakachua majani. Kuna jambo jingine, mheshimiwa, lakini ni la faraghani."

"Sema. Hapa ni Barazani."

"Zamani nilikuwa naamka usiku kwenda haja ndogo mara nne, mara tano. Mwaka huu naamka mara moja. Na mguu huu uliokuwa umekufa ganzi sasa nausikia, hata viatu vinanibana. Nilidhani ni baraka za ngoma."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na kicheko kile kilimpata Hemedi usoni kama maji ya baridi. Lakini hakukaa chini. Alisubiri kikapita, kisha akasema, "Ndivyo ilivyo. Haikuniuma. Andikeni hivyo."

Bi Asumini aligeuka kuteta na wenzake, na hapo Baraza likaingia kwenye tope. Kama halikuuma, si badiliko. Na kama si badiliko, mama huyu hakufanya lolote. Lakini mguu umezinduka. Basi ni badiliko. Na kama ni badiliko na halikuuma, sheria imekosea tangu mababu, jambo ambalo haliwezekani. Faki mwenyewe aliomba maji. Mjumbe mmoja akapendekeza kwamba kosa lipo ila halijatendeka. Mwingine akauliza kama inawezekana kumuumiza Hemedi sasa, kidogo tu, ili mambo yakae sawa, na akakemewa kwa kutumia neno "kidogo".

Mwishowe Bi Asumini akaahirisha shauri hadi Jumatatu, kama wafanyavyo Wakabisa kwa kila jambo zito. Karani akatazama kalenda, akasema Jumatatu zote zimejaa kwa miaka kadhaa ijayo. "Basi iwe ya baada ya hapo," akasema Bi Asumini, na uso wake ukakunjuka. Ila kuhusu ngoma aliamua palepale: mtu aliyebadilika mwaka mzima bila kujua hawezi kuwapigia wengine ngoma ya kubadilika. Faki akaichukua. Hemedi alimkabidhi na vijiti vyake.

Njiani kurudi, Hemedi alitembea mbele peke yake. Tunu akataka kumkimbilia, Bi Siwatu akamshika mkono. "Mwache kwanza. Kapoteza ngoma."

"Kaipoteza kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Ndiyo maana mwache."

Wiki ya tatu ikafika, na Msamaha ukatangazwa. Mji ulilipuka. Barabara nzima iligeuka kuwa karai la chipsi, aproni zikageuzwa tena, na watu wakasameheana kwa midomo iliyong'aa mafuta. Hemedi alikwenda na dada yake. Tunu alisema ana kazi za nyumbani. Ukweli ni kwamba hakutaka kuwa pale kuona. Mwaka jana alikuwa ameona.

Walimkalisha Hemedi pazuri, maana walimpenda hata bila ngoma. Wakamwekea sinia la chipsi na soda baridi inayotoa jasho. "Kunywa, bwana, umesamehewa!" Bi Siwatu akakaza ncha ya khanga yake, akasema moyoni kwamba akinyoosha mkono kumzuia atakuwa Tunu wa pili, na asipounyoosha atakuwa ile sukari aliyoileta.

Hemedi alikunywa funda kubwa. Akakunja uso kama aliyekunywa dawa ya kifua. Akaitazama chupa, akainusa, akanywa tena kuhakikisha.

"Dada," akanong'ona, "hizi zimebadilishwa?"

"Sijui. Lete nionje." Akaonja. "Zilezile."

"Tamu mno. Inagandisha meno."

Alikula chipsi, akazifurahia, akala na kuku. Lakini soda ilibaki, imefika nusu, na katika Nchi ya Kabisa nusu chupa mezani ni aibu kuliko mtu kukaa uchi. Watu walianza kuitupia macho. Hemedi akaishusha taratibu, akaificha chini ya kiti, akaifunika kwa kofia yake. Akarudi nyumbani kichwa wazi.

Walimkuta Tunu uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua majani ya kunde. Alimtazama mumewe kwanza miguuni, kama anatembea sawa, kisha machoni. Hemedi alivuta kigoda cha pili, akakaa, akachukua tawi moja la kunde, akaanza kulichambua vibaya, akitupa majani na kubakiza vikonyo. Tunu akamwacha. Bi Siwatu naye akajifanya anatafuta kandambili zake.

Hemedi akasema, "Mama Mwajuma."

"Abee."

"Kuna kingine unachotaka kuniibia?"

Mikono ya Tunu ikasimama juu ya ungo. "Chumvi," akasema.

"Lini?"

"Nikikutajia siku, utaiapia."

Hemedi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyejaribu kukizuia kikamshinda. Akatupa kikonyo alichokuwa ameshika, akachukua tawi lingine, na safari hii akabakiza majani.

"Basi usinitajie," akasema.